Nilivyotumwa Mafia Kuifuata Hewa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali moja huku akiuma midomo asicheke: eti ni kweli ulikwenda Mafia kutafuta hewa? Ni kweli. Na kwa kuwa nimechoka kuisimulia nusu nusu, mara kwenye foleni ya sukari, mara kwenye ngazi za kanisa, nimeamua kuiandika yote tangu mwanzo. Anayetaka asome, asiyetaka abaki na uvumi wake. Habari za vibali, barua za ruhusa na mihuri siziweki humu. Aliyewahi kufanya kazi serikalini anazijua, na asiyewahi Mungu amemnusuru.

Mimi ni fundi msaidizi katika ofisi ya hali ya hewa. Mwaka jana alitujia mtaalamu kutoka nchi moja ya kaskazini, mzungu mrefu, mpole, aliyeungua pua siku ya kwanza na mpaka leo haijapona. Anachunguza ozoni. Ozoni ni aina ya hewa iliyoko juu sana. Pandisha milima minne ya Kilimanjaro mmoja juu ya mwingine ndipo utaikuta kwa wingi, nayo hutukinga na miale mikali ya jua. Anavyoeleza yeye, ozoni hutengenezwa zaidi juu ya nchi zetu hizi, kwa sababu jua letu ndilo kali. Kisha kwao majira ya baridi yakiingia, mwendo wa hewa ya huko juu huichukua na kuipeleka kwao, ikarundikana huko. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani ameanza kusimulia habari za mkonge.

Sasa, kuna miaka ambayo baridi yao hushikwa na wazimu. Upepo mkubwa unaoizunguka ncha ya kaskazini huko juu huvunjika ghafla, na palipokuwa na baridi kali joto hupanda kwa siku chache tu. Mtaalamu anaamini kwamba siku hizo hizo hewa ya juu yetu sisi huvutwa zaidi, na ozoni yetu hupungua. Kulithibitisha alitaka kurusha puto wakati huo huo, lenye kisanduku, na ndani ya kisanduku betri na sindano inayochora mstari kwenye karatasi ya vijumba. Mstari ukipanda vizuri bila kuyumba, nadharia yake imekufa. Ukiwa na shimo katikati, yaani umeshuka ghafla ukapanda tena, amepatia.

Mwaka huu, Januari, simu ya maandishi ikaja kwamba kwao upepo umevunjika. Puto likarushwa kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia. Likapanda vizuri, likapasuka huko juu kama lilivyotakiwa, na kisanduku kikashuka na mwavuli wake hadi baharini, kisionekane tena.

Nani alishauri lirushwe Mafia? Mimi. Nani aliyesema watu wa kule ni waaminifu, watakirudisha? Mimi. Nani aliyeandika maneno juu ya kisanduku, kwa rangi nyekundu isiyofutika? Mimi pia. Niliandika: "Atakayekiokota akipeleke kwa kiongozi aliye karibu." Nikajiona nimemaliza kazi. Mkubwa wangu aliniambia wazi kwamba karatasi ile isipopatikana, mradi utahamia kisiwa cha nchi nyingine, na nafasi yangu itakwenda na mradi. Mwenyewe nilipewa nafasi hiyo kwa sababu mambo yake yanahusu baridi, na ofisini kwetu ni mimi peke yangu niliyezaliwa Njombe.

Wiki tatu zikapita. Kisha mwenzetu Salumu, mwangalizi wa kituo cha Kilindoni, akaleta simu yenye maneno matatu: BETRI ZIMEONEKANA NJOO.

DAR ES SALAAM HADI KILINDONI

Boti ilikuwa iondoke Jumatatu asubuhi. Jumatatu tukaambiwa inasubiri saruji. Jumanne saruji ikafika, lakini fundi wa injini alikuwa amekwenda mazishini Kisarawe. Jumatano fundi akarudi, akaikagua injini, akasema ni nzima kabisa, ila serehangi, mkuu wa mabaharia, alikuwa amechukia kusubirishwa na amekwenda kwake kulala. Tuliondoka Alhamisi, saruji ikiwa imekaa vizuri kuliko abiria.

Mimi bahari naipenda ikiwa kwenye ramani. Hatujamaliza saa moja nilikuwa nimeushika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye kapu la vitunguu. Alinionea huruma, akanipa ndimu.

"Nusa hii, baba. Unakwenda kwa nani Mafia?"

"Sina mtu huko, mama. Nafuata hewa."

Akaniangalia kifua. "Pole, mwanangu. Daktari ndiye aliyekwambia ubadilishe hewa?"

Nilikuwa katika hali ambayo kufungua mdomo kuna hatari, kwa hiyo nikatikisa kichwa kukubali. Mama akawaambia waliokaa nyuma, nao wakawaambia waliokaa mbele, na haikupita muda benchi zima likawa langu. Hata aliyeniazima kikombe alikataa nikirudishe. Sijawahi kusafiri kwa nafasi kubwa namna ile, na sikuona sababu ya kusahihisha.

Tuliposhuka Kilindoni mama yule alinisindikiza kwa maneno mazuri. Ninywe madafu kila asubuhi, nile papa wa kuchoma, na nisilale chumba kimoja na watoto.

Salumu alinipokea, akanipeleka moja kwa moja dukani kwa Mzee Gulamu. Mzee Gulamu ni Mhindi wa hapo hapo, baba yake na babu yake wamezikwa Mafia, na Kiswahili chake kinaniaibisha mimi. Rafu za duka siku ile zilikuwa na viberiti, nyembe na kopo moja la mafuta ya taa. Lakini redio ilikuwa inaongea. Kisiwa kizima kilikuwa hakijaona betri tangu Idi, na redio ya Mzee Gulamu ilikuwa inahutubia barabara nzima juu ya kujitegemea.

Nilichungulia nyuma ya redio. Betri zilikuwa zetu, na maandishi yake ya kaskazini.

"Mzee, hizi umezipata wapi?"

"Si zangu. Ni amana. Kaziweka Nahodha Bakari wa dago la Bwejuu, ili akija mjini asikilize mpira."

"Ni mali ya serikali, Mzee. Naomba nizichukue."

Akazima redio kwa heshima, kana kwamba haifai kusikia maneno yale. "Bwana, amana naitoa kwa aliyeiweka. Akija rais mwenyewe nitampa kiti na kahawa, lakini betri sitampa. Nenda Bwejuu, mwambie Bakari aje."

KILINDONI HADI BWEJUU

Bwejuu ni kisiwa kidogo, na dago ni kambi ya wavuvi wanaotoka wilaya nyingine, wakakaa msimu mmoja, wakavua, wakarudi kwao. Dago la Nahodha Bakari lilikuwa la watu wa Kilwa, pamoja na wenyeji wawili watatu wa Mafia. Boti ya serikali ya kunipeleka ilikuwapo. Injini yake ilikuwapo pia. Petroli ilikuwa njiani, na njiani ni mahali penye nafasi kubwa, kwani ilikaa huko siku mbili. Siku ya tatu nikapanda ngalawa, nikafumba macho Kilindoni nikayafumbua Bwejuu, kwa hiyo kuhusu mandhari ya njiani msiniulize.

Nahodha Bakari alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri na sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniagizia chakula kabla ya kuniuliza nimefuata nini. Wali ulikuwa wa nazi, mzuri ajabu. Kitoweo nilikitafuna robo saa nikidhani wameniwekea mpira wa tairi kwa mzaha. Nikaambiwa ni pweza, na kwamba kapikwa kwa haraka kwa kuwa mgeni ana njaa.

Nilipokuwa natafuna, macho yangu yalikuwa yanatembea. Mwavuli wetu wa hariri ya kisasa ulikuwa umefunika samaki wa ng'onda waliokuwa wakikaushwa kwenye uchanja ili nzi wasitue. Vipande vya kisanduku cheupe vilikuwa vimefungwa kwenye nyavu kuwa maboya. Kwenye kipande kimoja mwandiko wangu ulikuwa bado unasomeka: "...kiongozi aliye karibu."

"Nahodha," nikasema, "kile kisanduku kiliandikwa kipelekwe kwa kiongozi."

"Vijana wakasoma. Wakaniletea."

"Nilikusudia kiongozi wa serikali."

Akafikiri kwa haki kabisa. "Wao walikuwa maji makuu, nyuma ya mwamba. Huko kiongozi aliye karibu ni nani, kama si nahodha? Ungeandika mkuu wa wilaya wangempelekea mkuu wa wilaya."

"Sawa. Lakini ukakivunja."

"Sikukivunja, nilikigawa. Kinachotoka baharini hugawiwa, bwana. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana lake, mabaharia nao mafungu yao. Ningekaa nacho peke yangu hawa wangeniita mwizi, na wangekuwa na haki."

Nilitafuta kosa lake nikalikosa. Serikali nzima ilikuwa inahubiri jambo hilo hilo redioni, tena kwa betri zetu.

Nikamweleza kwamba sihitaji mwavuli wala maboya, betri nazo azisikilizie mpira mpaka zife. Nataka karatasi tu, ile yenye mstari, iliyokuwa imezungushwa kwenye kigoma kidogo cha bati. Wakataka kujua mstari una nini. Nikawaeleza habari ya ozoni kama nilivyowaeleza nyinyi: inavyotengenezwa juu yetu, inavyochukuliwa kaskazini wakati wa baridi yao.

"Na ikishafika huko, inarudi?" akauliza mmoja.

"Hairudi kama ilivyokwenda. Huishia huko."

Nahodha Bakari akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi hao wamepiga dago juu ya vichwa vyetu. Wanavua kwetu, wanapeleka kwao."

Mwenyeji mmoja wa Mafia aliyekuwa anashona nyavu pembeni akasema bila kuinua uso, "Kama nyinyi watu wa Kilwa."

Walicheka mpaka nahodha naye akacheka. Kisha akaniambia kwamba kigoma na karatasi yake vilimwangukia Hamisi, baharia mwenyeji wa Baleni. Hamisi naye alikuwa ameondoka dagoni majuma matatu yaliyopita, kwenda kuzamia majongoo bahari katika Ghuba ya Chole.

BWEJUU HADI GHUBA YA CHOLE

Safari hii sitaieleza sana kwa kuwa sehemu kubwa niliipitisha nikiwa nimelala kifudifudi. Walionipeleka walikuwa watu wema, kila baada ya muda waliniuliza kama bado nipo.

Hamisi nilimkuta ufukweni anachemsha majongoo katika pipa. Ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, mcheshi, mikono kama makasia. Nilipomtajia karatasi, ucheshi ukakatika.

"Kigoma nimetilia majani ya chai. Hicho nitakupa hata sasa."

"Karatasi, Hamisi."

"Karatasi nilimpelekea mkwe wangu Baleni. Bi Hadia. Ni msukaji mikeka, hapana mfano wake kisiwa hiki. Niliona ile michoro nikasema itampendeza. Mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu."

"Vizuri. Twende wote ukaniombee."

Akaliacha pipa lake, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kaka, mimi nikamwombe mkwe alichokipokea mkononi mwangu? Mimi mama yule hata usoni simtazami. Nikifika namwamkia nikiwa nimegeukia ukuta."

Nilimwambia kazi yangu yote imo katika karatasi ile. Akasikitika, kwa dhati, nikaona. Akanipa samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina na kigoma cha bati chenye harufu ya chai. Zaidi ya hapo hakuweza.

"Nenda mwenyewe. Lakini nakuomba, usiseme kwamba nimekutuma. Sema umeota."

GHUBA YA CHOLE HADI BALENI

Trekta la kijiji cha Baleni lilikuwa limeleta nazi na linarudi tupu. Dereva akaniambia nikae kwenye tela nishike chochote kitakachoshikika. Nilishika tela. Njiani lilizimika mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa dizeli, mara ya pili ilikuwa dereva kaona shamba la shangazi yake, na mara ya tatu hakuna aliyejua, likaondoka lenyewe tulipoacha kuligusa.

Baleni nilifika na daftari langu la vijumba likiwa limechomoza mfukoni, na hilo lilikuwa kosa. Miaka hii ya kuhamia vijijini, mgeni mwenye daftari anajulikana. Kila niliyemuuliza nyumba ya Bi Hadia aliniambia kwanza kwamba yeye hana minazi, ile yote ni ya shemeji. Nilitembea kijiji kilichojaa minazi isiyo na wenyewe mpaka nikafikishwa kwa mwenyekiti, Bwana Mfaume.

Bwana Mfaume hakuamini kwamba natafuta karatasi. Akaitisha mkutano nijieleze mbele ya wananchi. Nikajieleza. Nilipofika mahali pa kusema kwamba ozoni hutengenezwa kwetu na kurundikana kwao, uso wake ukabadilika.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Wanalipa?"

"Hapana, mwenyekiti. Ni upepo tu."

"Mrija ni mrija, hata ukiwa wa upepo." Akawageukia watu, na katika nusu saa Baleni ikapitisha azimio la kulaani vikali kuvutwa kwa ozoni ya wananchi na kuitaka serikali ichukue hatua. Nilipewa nakala niifikishe kunakohusika. Ninayo bado, maana sijajua kunahusika wapi. Lakini tangu dakika ile sikuwa tena mtu wa kuhesabu minazi. Nikawa Bwana Hewa, nikapewa mihogo ya nazi na kisamvu, na mtu wa kunionyesha nyumba.

Bi Hadia alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, anasuka. Vidole vyake havikusimama nilipomwamkia wala aliponikaribisha. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Nilimwambia nimeota. Akasema, "Hamisi ana adabu nzuri, mwenyezi Mungu amzidishie," na suala la ndoto likaishia hapo.

"Karatasi yako ilinipendeza," akasema. "Mstari mwembamba, unapanda taratibu. Nikaona unafaa kwa mkeka niliomnuia marehemu mume wangu. Nikausuka. Kila kijumba kimoja, ukindu mmoja."

"Na karatasi yenyewe, mama?"

"Ilitumbukia kwenye chungu cha rangi, siku natia rangi miyaa ya kusukia. Ikawa zambarau tupu, ikasambaratika."

Nikalirudisha daftari mfukoni. Kisha nikaelewa alichotangulia kusema. Kijumba kimoja, ukindu mmoja. Mstari ulikuwapo.

"Uko wapi huo mkeka?"

"Msikitini, safu ya mbele. Ni wakfu, mwanangu. Hauuzwi, haurudi, hautoki."

Nikamwendea imamu. Nilijitambulisha na kukiri mapema kwamba mimi ni Mkristo. Aliniangalia toka kichwani hadi viatuni. "Miguu ni miguu," akasema. "Ioshe. Baada ya adhuhuri mpaka alasiri hakuna swala, hesabu utakavyo."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimepiga magoti safu ya mbele, kidole kwenye mkeka, penseli sikioni, nahesabu kindu moja moja. Watu walisimama mlangoni kunitazama. Nilipopotea katika hesabu niliinama zaidi, paji la uso karibu liguse chini, na mlangoni mtu akasema mashaallah. Habari ilifika Kilindoni kabla yangu. Nilipopita tena dukani Mzee Gulamu alinipongeza, akauliza nimechagua jina gani.

Kazi ya Bi Hadia ilikuwa safi kuliko mashine yetu. Nilihesabu mara mbili, hesabu zikalingana. Kisha nikakaa nikautazama mstari wote, nikaona kwamba nimekwisha. Ulipanda toka mwanzo hadi mwisho, laini, mzuri, bila shimo. Nadharia ya mtaalamu imekufa, mradi unahama, na mimi nimeosha miguu bure.

Nikaenda kuaga. Bi Hadia aliuona uso wangu akaniuliza kulikoni. Hapo nilifanya kosa la pili la safari ile, na hili ndilo linaloniuma: nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba mtaalamu alitegemea mstari ushuke, na ya kuwa haukushuka, na kwamba kazi yangu imekwisha. Vidole vyake vikasimama kwa mara ya kwanza.

"Ulishuka," akasema.

"Wapi, mama? Nimeuhesabu."

"Katika karatasi ulishuka. Kijumba cha thelathini na mbili, ukaporomoka vijumba saba, ukakaa vitatu, ukapanda. Nikaona si adabu. Watu wanamwelekea Mungu, macho yao yakatazame shimo? Nikaunyoosha."

Sikujua nicheke au nilie. Laiti ningemuuliza kabla ya kumweleza shida yangu! Sasa ningejuaje? Mbele yangu alikuwa mama mwenye huruma, aliyekwisha kusikia hasa kitu gani kitaniokoa. Kweli sikumtajia saba, wala thelathini na mbili. Lakini mtu akitaka kukupa kitu akupe kilichokamilika, na wasukaji hawapungukiwi na hesabu. Kesho yake asubuhi nilirudi nikamuuliza tena, kama mtu aliyesahau. Thelathini na mbili, saba, vitatu. Hakuniuliza kwa nini namrudisha nyuma. Nikaona haya.

KURUDI DAR ES SALAAM

Niliporudi boti iliondoka siku iliyopangwa, na kwa hiyo nusu ya abiria waliachwa. Njia nzima nilikuwa na karatasi safi ya vijumba magotini. Ningeweza kuchora shimo lile kwa wino, nikanyamaza, na hakuna mtu duniani ambaye angekwenda Baleni kuhesabu. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe nikauchora mstari wa msikitini kwa wino, na shimo la Bi Hadia kwa penseli, na chini nikaandika yote, pamoja na jinsi nilivyomweleza shida yangu kabla ya kumuuliza.

Mtaalamu alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari ambalo sikuwa nimepata kuliona, akatafuta ukurasa wa tarehe ya nyuma, kabla sijapanda hata boti ya kwenda. Alikuwa amepiga hesabu ya shimo litakavyokuwa, kama nadharia yake ni kweli. Kina chake: kati ya vijumba sita na vinane. Mahali pake: baada ya cha thelathini.

Pua yake ilikuwa inabanduka.

"Mama huyu hajui kusoma hesabu zangu," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Hajui hata kama zipo."

"Basi ni kweli. Ilitokea." Akaishika ile karatasi kama kitu cha moto. "Namwamini yeye, nakuamini na wewe. Lakini siwezi kuiandika. Nitasema nini kwa wenzangu? Kwamba kipimo kilinyooshwa kwa sababu ya adabu?"

Mradi unahama mwezi ujao. Nafasi yangu nayo imekwenda, barua nimeipata. Nimehuzunika, sioni haya kusema. Lakini nilichohuzunikia zaidi ni kwamba nilimshuku mama yule usiku na mchana, kuanzia barazani kwake mpaka bandarini. Nikamwomba Salumu aende Baleni kwa niaba yangu, amwambie Bi Hadia kwamba vile vijumba saba vimethibitika, na kwamba nashukuru kwa wema wake wa kunisaidia.

Jibu limeletwa juzi na abiria wa boti, kwa mdomo. Bi Hadia anasalimu sana. Anasema Bwana Hewa asimshukuru, kwani hakutaja saba ili kumsaidia. Vilikuwa saba.